Kabati la Chini

Katika kijiko kimoja cha udongo, alisema Vaike,
wamo wakazi wengi kuliko Tartu, kuliko Estonia nzima,
na wale tunaowajua kwa sura
hawajazi hata basi la asubuhi.

Nilicheka. Nilikuwa mpya pale maabara,
koti langu jeupe bado lina mikunjo ya dukani.
Udongo tuliutoa ukingoni mwa kinamasi,
chini ya misonobari, mweusi, unanuka mvua ya zamani.
Nikaupikia kama nilivyofundishwa:
mchuzi wa nyama, chachu, sukari isiyo na choyo,
joto la mwili wa mtu mwenye afya.
Karamu na nusu.

Kesho yake sahani zimefurika.
Wale wale.
Wadoezi wa kila shughuli, wanene, wang'aavu,
wametandaza viwiko meza nzima.
Niliowaalika hawakubisha hodi.

Vaike akazitazama moja moja,
akazipeleka kwenye chungu cha mvuke, zikafe.
"Aliyeshinda na njaa karne nzima
humpi nguruwe na kabichi kali.
Mpe maji ya kusuuzia sufuria."

Basi tukaanza kupunguza.
Sukari, sehemu ya mia.
Kisha sehemu ya mia ya ile sehemu.
Joto tukalishusha mpaka nyuzi kumi na nne,
Septemba chini ya majani makavu.
Fosfati tukaichemsha peke yake, agari peke yake,
kwani zikipikwa chungu kimoja huzaa sumu ndogo
isiyo na rangi, isiyo na harufu.
Miaka yote hiyo tuliandika *hawaoti*,
tukawalaumu wageni
kwa kufia kwenye chakula chetu.
(Hili nililipigia mistari miwili daftarini.)

Halafu kabati la chini. Giza.

Oktoba, hakuna.
Novemba, tone la maji kwenye kifuniko; nikalishangilia, nikaona haya.
Profesa Tõnis alitaka nafasi.
Sheria ya maabara ni ile ya jembe:
siku mbili mgeni, ya tatu kazi au mlango.
Sahani isiyoonyesha kitu siku kumi hutupwa.
Ndipo nikagundua kila Jumatatu, kabla hatujafika,
Vaike hufuta tarehe kwenye lebo
akaandika mpya kwa penseli.
Mama wa miaka sitini na tano,
anaghushi umri wa vitu ambavyo havijazaliwa.

Januari akastaafu. Keki, maua, hotuba fupi.
Mimi nikarithi kifutio.

Wiki ya kumi na tisa, sahani namba 212.
Nilidhani ni vumbi kwenye lenzi.
Nikaifuta lenzi. Lipo.
Doa dogo, lililofifia,
kama pumzi iliyobaki kwenye kioo mtu akishaondoka,
na ubavuni mwake doa jingine, la njano, la kawaida,
jina lake limo vitabuni tangu zamani.

Nikafanya lililo sawa kwa mujibu wa somo:
nikalitenga. Sahani safi, peke yake, kama mfalme.
Likafa.
Nikarudia. Likafa.
Mara ya tatu nikampigia Vaike simu,
usiku, theluji imeziba dirisha la chini.

"La njano umelitupa?"
Nimelihifadhi.
"Basi lirudishe. Nani amekuambia uwatenganishe?"

Nikalirudisha. Siku ishirini na sita,
na upande ule tu unaoelekea jirani
pumzi ikajitokeza tena kiooni.

Nikampigia kumwambia. Alinyamaza kitambo.
Nilisikia saa ya ukutani, birika, basi tena.
Nikauliza, na wewe huko ghorofani, uko na nani?

"Taa nimezima," akasema, "joto nimelipunguza.
Usinihesabie siku."

Jumapili nilikwenda, bila keki.
Nilikaa tu, upande wa pili wa meza.